Usipake Rangi Juu ya Kutu: Somo la Kitubio Kutoka kwa Mashine Kuukuu ya Useremala



Mpendwa kijana, somo la leo sikulipata darasani. Miaka ya falsafa tulisoma Aristotle, tukasoma Mtakatifu Augustino, tukasoma Mtakatifu Thoma wa Akwino, na mitihani nikafaulu vizuri tu. Lakini hili nitakalokueleza nilifundishwa na mzee mmoja fundi seremala, tukiwa mbele ya mashine iliyonizidi umri zaidi ya mara mbili. Sehemu yake ni aibu yangu mwenyewe. Nilifikiria sana kama niiandike au niiache. Nimeamua kuiandika, maana somo lenyewe linahusu kutoficha.

Ni somo kuhusu Sakramenti ya Kitubio. Ila leo tunaingilia mlango wa karakana.

Mashine yenyewe

Nilikuwa kwenye mwaka wa uchungaji. Kwa asiyejua, huo ni mwaka ambao frateri anatumwa kuishi na kufanya kazi parokiani, nje ya seminari. Nyuma ya nyumba ya mapadre pale nilipotumwa kuna karakana ya zamani. Kusini mwa Tanzania jambo hilo si geni. Wamisionari Wabenedikto walianzisha Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906, na mapadre hawakuja peke yao. Walikuja na mabruda mafundi: waashi, maseremala, wahunzi. Watu walijifunza Katekisimu, na walijifunza pia kushika patasi.

Kwenye kona ya karakana yetu, chini ya turubai, kulikuwa na mashine ya Kijerumani ya useremala, ile aina ya mashine moja kazi nyingi. Juu inasawazisha uso wa ubao. Chini ya meza hiyohiyo inapunguza unene. Upande mmoja una msumeno wa duara, upande mwingine unatoboa matundu ya kuungia mbao. Kuna na kichwa kidogo cha kuchonga urembo wa fremu. Yote hayo yanaendeshwa na mota moja: ukitaka kazi nyingine, unahamisha mkanda kutoka puli hii kwenda puli ile. Wazo la mashine ya namna hii halikuwa la Wajerumani peke yao. Kule Marekani, Hans Goldschmidt aliingiza sokoni Shopsmith yake mwaka 1947, mashine moja yenye kazi tano, kwa ajili ya fundi asiye na nafasi wala fedha za kununua mashine tano.

Yetu ilikuwa haijawashwa miaka mingi. Meza zake za chuma cha kusubu zilikuwa zimegeuka rangi ya udongo mwekundu. Kibao chake kilikuwa kimefutika, ukisoma kwa shida unaona 380 V na maneno machache ya Kijerumani.

Baba Paroko akaniita. "Frateri, baada ya Pasaka Baba Askofu anakuja kutoa Kipaimara. Nataka mabenchi 20 mapya. Mbao za mninga tunazo. Mkiweza kuifufua ile mashine wewe na mzee, tutakuwa tumeokoa fedha nyingi."

Huyo mzee ndiye seremala wa parokia. Ujanani mwake alifundishwa kazi na bruda mmisionari, na mashine ile aliifahamu kama unavyoifahamu simu yako. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto kimeishia katikati. Wiki ile mguu ulikuwa unamsumbua, akanipa maagizo akiwa amekaa barazani kwake.

"Mwanangu Frateri, toa umeme kwanza, chomoa kabisa. Halafu anza kwa kufungua. Usipake kitu chochote mpaka tumeona ndani. Na ile rola inayobeba visu, hiyo ndiyo roho ya mashine. Toa visu vyote, toa kabari zake, toa beringi. Mimi nitakuja wiki ijayo."

Nilichofanya

Nilianza vizuri. Nikafungua vifuniko, nikafagia maranda ya miaka yote, nikatoa viota vya nyigu. Nikafika kwenye rola ya visu. Kila kisu kinabanwa na kabari ya chuma, na kabari inakazwa kwa bolti. Bolti ya kwanza ikagoma. Nikaongeza nguvu, spana ikateleza, kichwa cha bolti kikaviringika. Fundi yeyote anajua maana yake: umeiharibu, sasa hata spana haishiki.

Niliona aibu. Msomi mzima wa falsafa ameshindwa na bolti! Basi nikaiacha. Nikachukua msasa, nikakwangua kutu ya juujuu pale panapoonekana, nikanunua rangi ya kijani na brashi mbili. Ndani ya siku tatu mashine iling'aa. Vijana wa kwaya walikuja kupiga nayo picha. Mimi mwenyewe niliweka picha kwenye status, nikaandika, "Kwa Mungu hakuna lisilowezekana." Aisee, nilisifiwa sana.

Mzee akaja Jumatatu na fimbo yake. Akaizunguka mashine, akatabasamu kidogo. Akaniuliza swali moja tu.

"Rola uliifungua?"

"Ndiyo mzee, niliifungua."

Soma tena hapo, kijana. Frateri, aliyesali Masifu ya Asubuhi saa mbili tu zilizopita, alimtazama mzee wa umri wa babu yake akasema uongo. Sikuulizwa na adui. Niliulizwa na mtu aliyeniamini.

Tukafunga mkanda mpya, tukawasha. Mota ikanguruma vizuri. Rola ikaanza kuzunguka, kwanza kama inaimba, halafu kama inalia. Mzee alikuwa amesimama palepale anaposimama siku zote. Akageuka na kuinama kuchukua kipande cha ubao cha kujaribia. Hapo ndo tukasikia mlio kama wa bunduki.

Kisu kimoja kilikuwa kimelegea kikapanda, kikagonga ukingo wa meza, kikavunjika. Kipande chake kilikuwa kimejikita kwenye mlango wa karakana. Mlango ulikuwa nyuma ya mahali mzee aliposimama, na kipande kiliingia kwa kimo cha kifua chake.

Akazima swichi. Rola ikaendelea kuzunguka yenyewe, polepole, mpaka ikasimama. Akautazama mlango. Akaitazama rangi ya kijani. Halafu akanitazama mimi. Hakuuliza kitu.

"Sikuifungua, mzee," nikasema. "Nilikudanganya. Bolti ilinishinda nikaona aibu."

Akakaa juu ya gogo. Alikaa muda mrefu, na mikono yake ilikuwa inatetemeka. Mwisho akasema, "Na mimi nilikosea, nilipaswa kuigusa mwenyewe." Halafu akasema, "Haya. Leta spana."

Jioni ile nilikwenda kuungama. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2484) inafundisha kwamba uzito wa uongo unapimwa kwa ukweli unaopotoshwa, mazingira, nia ya msemaji na madhara ya anayedanganywa. Zamani namba hiyo nilikuwa naijua kwa ajili ya mtihani.

Sasa nikueleze tulivyoanza upya, hatua kwa hatua, maana kila hatua ilinifundisha jambo moja kuhusu kitubio.

1. Ijue kutu ni nini

Kutu si kitu kilichotoka kiwandani pamoja na mashine. Ni chuma kilekile kilichokutana na maji na hewa kikaanza kuharibika. Kutu haina maisha yake yenyewe: pasipo chuma, hakuna kutu. Inaishi kwa kula kitu chema.

Nilipoiona hivyo nikamkumbuka Augustino. Katika kitabu cha saba cha Maungamo anaeleza alivyohangaika kujua uovu unatoka wapi, mpaka akatambua kwamba uovu si kitu kinachosimama peke yake, ni upungufu wa wema. Hata kinachoharibika bado kina wema ndani yake. Kama kisingekuwa nao, kusingekuwa na cha kuharibika.

Kijana unayesoma hapa ukiwa umekata tamaa, shika hili. Dhambi yako si wewe. Mzee alipokwangua meza ile kwa msasa na mafuta, chini ya wekundu ule alikuta chuma cha kijivu, kizima. Akakigonga kwa kidole akasema, "Mashine bado ipo." Mungu naye akikutazama anaona kwamba mtu bado yupo.

Lakini hilo halina maana kwamba kutu ni jambo dogo. Ukipaka rangi juu yake, haifi. Chini ya rangi inaendelea kula, tena sasa hakuna anayeiona. Ndiyo maana Bwana Yesu aliwalinganisha mafarisayo na makaburi yaliyopakwa chokaa (Mt 23:27). Nje safi, ndani mifupa.

2. Fungua, tena kwa utaratibu

Kufungua ni utafiti wa dhamiri. Mzee alikuwa na kopo kwa kila sehemu ya mashine, na kila kopo lina karatasi: hizi za meza ya mbele, hizi za rola, hizi za msumeno. Akaniambia nipige picha kabla ya kutoa kitu chochote. "Ukifungua ovyo, utakuwa na gunia la vyuma, hutakuwa na mashine."

Vijana wengi tunaungama hivyo. Tunaingia kwenye kiti cha maungamo na gunia: "Nimetenda dhambi nyingi, Padre, kwa mawazo na maneno." Sawa, lakini zipi? Kaa kwanza na Amri Kumi. Kaa na wajibu wako nyumbani, chuoni, kazini, kwenye uchumba. Kopo moja moja.

Na ile bolti iliyonishinda? Mzee hakuitukana wala hakuipiga nyundo. Aliimwagia dizeli akasema twende tukale. Jioni akaongeza. Asubuhi akaipasha moto kidogo, akachonga kichwa chake kwa tupa mpaka kikapata pande mbili za kushika, akaweka spana, akaikaza kidogo kwanza ndipo akailegeza. Ikatoka. Ilichukua saa ishirini na kitu, lakini nguvu yenyewe ilikuwa ndogo kuliko ile niliyotumia mimi kuiharibu.

Kuna dhambi ya namna hiyo. Umejaribu kuisema mara tatu ikakushinda, ukairuka, ukaungama nyingine zote. Kumbe ndiyo inayoshikilia kisu! Usiiruke. Mwambie padre tu, "Kuna jambo linanishinda kusema, naomba unisaidie." Hapo utakuwa umeshamwaga dizeli.

3. Grisi haiponyi beringi iliyokwisha

Rola ya visu inazungukia kwenye beringi mbili. Tulipozitoa, moja ilikuwa inakwaruza kama mchanga. Nikashauri tuioshe kwa mafuta ya taa, tuijaze grisi. Mzee akacheka. "Ukijaza grisi itanyamaza wiki moja. Halafu itakwama rola ikiwa kwenye mwendo."

Tukatafuta namba ubavuni mwake: 6205. Hapa kuna jambo zuri sana. Namba za beringi ni za dunia nzima. Tarakimu mbili za mwisho, 05, ukizidisha kwa 5 unapata 25, na hicho ndicho kipenyo cha tundu lake kwa milimita. Beringi 6205 ni 25 kwa 52 kwa 15, iwe Ujerumani, iwe Songea. Mashine ambayo kibao chake hakisomeki ilipata beringi mpya kwenye duka la vipuri la mjini, siku hiyohiyo.

Kuivalisha nayo kuna adabu yake. Hupigi pete ya nje, maana pigo litapita kwenye vigololi vya ndani na utaiua beringi kabla haijaanza kazi. Unatafuta bomba linalokaa sawasawa kwenye pete ya ndani, unaisukuma taratibu.

Tafsiri yake kwangu ni hii. Kuna mambo maishani ya kusafisha, na kuna mambo ya kuondoa kabisa. Bwana aliposema juu ya jicho na mkono unaokukosesha (Mt 5:29-30), hakutaka tujikatekate viungo, alitaka tuache kupaka grisi. Kama unaungama ponografia kila mwezi na ile akaunti bado iko kwenye simu, umepaka grisi. Kama unaungama uzinzi na funguo ya chumba chake bado unayo, umepaka grisi. Toa beringi. Kisha weka nyingine, maana nafasi tupu nayo haizungushi rola. Weka jumuiya, weka rafiki wa kukuuliza maswali, weka saa ya sala.

Tena angalia unaungama nini. Wengi tunaungama moto, hatuungami beringi. "Nina hasira, Padre." Hasira ni joto tu. Iliyokwisha ni nini? Wivu? Uongo unaoogopa utajulikana? Uongo wangu kwa mzee ulikuwa joto. Beringi yangu ilikuwa kiburi: kutotaka kuonekana sijui.

4. Meza ifuate kisu

Visu vipya vilipopatikana, vikanolewa, vikabanwa, bolti zote zikakazwa na kukaguliwa mara ya pili. Ikabaki kazi ya kulinganisha. Mashine ya kusawazisha mbao ina meza mbili. Ya kuingizia ubao inakuwa chini kidogo, kwa kiasi unachotaka kupunguza. Ya kutokea lazima iwe sawasawa na kilele cha visu. Ikiwa juu zaidi, ubao unagonga ukingo wake, haupiti. Ikiwa chini, ubao ukifika mwisho unadondoka, visu vinauchimba, unapata kibonyeo.

Mzee hakuwa na kipimo cha kisasa. Aliweka kijiti kilichonyooka juu ya meza ya kutokea, akazungusha rola kwa mkono, umeme umechomolewa. Kisu kikikigusa kijiti, kinakivuta mbele kidogo. Alitaka kila kisu kikivute kiasi kilekile, milimita tatu hivi, upande wa kushoto na wa kulia. Tulirudia mchana mzima.

Nikiwa nimeinama pale nikacheka peke yangu. Thoma wa Akwino anafundisha kwamba ukweli ni kupatana kwa akili na kitu chenyewe kilivyo. Nilikuwa nimeliandika hilo kwenye karatasi za mitihani mara ngapi! Sasa nikaliona. Unarekebisha meza mpaka ipatane na kisu, huwezi kukiambia kisu kijifanye kiko pale ilipo meza. Dhamiri nayo haiumbi ukweli, inajifunza kupatana nao. Siku ile niliyosema "niliifungua", meza yangu ilikuwa juu na kisu kiko kwingine, na ubao ulikuwa mtu.

5. Nyaya mbili tu

Mota ilikwenda kwa fundi wa kusuka mota akaikagua, akabadilisha beringi zake pia. Iliporudi tukaijaribu bila mkanda. Ikazunguka kinyume!

Nikashtuka, nikadhani imeharibika. Fundi umeme akasema haina ubaya wowote. Mota ya fezi tatu ikizunguka kinyume, unabadilishana nyaya mbili kati ya zile tatu, basi. Mota ni ileile, nguvu ni ileile, umeme ni uleule. Lakini ukiiacha ilivyo, msumeno utazunguka kwa kasi yote na meno yametazama kinyume, hata nati inayoshika msumeno inaweza kujifungua.

Soma Matendo ya Mitume sura ya 9. Saulo alikuwa na bidii, elimu, ujasiri, haogopi safari. Yesu hakumnyang'anya hata kimoja. Bidii ileile iliyokuwa inawakimbiza Wakristo ndiyo iliyoipeleka Injili mpaka Roma. Hiki ndicho Thoma anachokifundisha kuhusu neema: haiyaui maumbile yetu, inayakamilisha. Kijana mwenye maneno mengi, Mungu hataki kukufanya bubu. Kijana mwenye moyo wa kupenda sana, hataki kukufanya jiwe. Anataka mwelekeo.

6. Kitubio hakiishii kwenye ondoleo

Katekisimu namba 1459 inafundisha kwamba ondoleo linafuta dhambi, ila haliponyi kila kilichovurugwa na dhambi. Bado kuna kulipiza na kurekebisha. Nilipomaliza kuungama, nilitegemea kuambiwa nisali Rozari. Baba Paroko alinipa sala, halafu akasema nimsaidie mzee mpaka benchi la mwisho, na wale waliosifia picha yangu niwaeleze ukweli. Hilo la pili lilikuwa gumu kuliko dizeli.

Na gharama ilikuwepo. Siku ya Kipaimara tulikuwa na mabenchi 14, si 20. Tuliazima viti vya plastiki. Sita yaliyobaki tulimaliza mwezi uliofuata. Msamaha ulikuwa kamili, lakini zile wiki nilizopoteza hazikurudi.

Mwisho kabisa, baada ya kutu kwisha, tulipaka rangi. Rangi si dhambi! Inapokuja mwisho, juu ya chuma safi, inalinda. Ila meza hatukuzipaka. Mbao zinateleza juu yake, lazima zibaki chuma kitupu. Na chuma kitupu kwenye hewa yenye unyevu kinashika kutu tena. Dawa yake ni kitambaa na mafuta kila jioni, dakika tano. Mzee hajawahi kuondoka bila kufanya hivyo. Mimi sasa nafanya utafiti wa dhamiri kila usiku kabla ya kulala, dakika tano zilezile. Kuna sehemu ya roho isiyopakwa rangi. Inafutwa kila siku.

Neno la mwisho

Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 31 ya Kanuni yake, anamtaka mtunza mali wa monasteri aviangalie vyombo vyote vya kazi kama vyombo vitakatifu vya altare. Zamani niliona ametia chumvi kidogo. Sasa namwelewa. Injili ya Marko (6:3) inasema watu wa Nazareti walimfahamu Yesu kama seremala. Mikono iliyomega mkate ilikuwa na sugu za kazi. Na mwaka 1955 Papa Pius XII aliiweka Mei Mosi kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ili mkono wenye sugu ujue una mahali pake Kanisani.

Kile kipande cha kisu bado kiko mlangoni. Nilitaka kukitoa, mzee akakataa. "Kiache, Frateri. Hakikuhukumu. Kinakukumbusha kufungua."

Maswali ya kujiuliza wiki hii

Ni bolti gani nimeiruka kila ninapoungama?
Ni wapi nimepaka rangi, na nani amesimama mbele ya visu akiniamini?
Ni beringi gani naijaza grisi badala ya kuitoa?
Ni kipawa gani ninacho ambacho hakihitaji kuuawa, kinahitaji kugeuzwa mwelekeo?
Nikishasamehewa, ni nani ninayepaswa kumrudia na kumwambia ukweli?

Tusali

Ee Bwana Yesu, seremala wa Nazareti, unanijua ndani na nje. Naogopa kufunguliwa, kwa sababu najua kilichomo. Nipe ujasiri wa kusema lile ninalolificha. Toa kilichokwisha, linganisha kilichopinda, geuza nguvu zangu zielekee kwako. Na kwa maombezi ya Mtakatifu Yosefu, unifanye chombo kinachofaa kwa kazi yako, wala nisiwe hatari kwa ndugu zangu. Amina.

Jumamosi hii mapadre wengi wanakaa kwenye viti vya maungamo kabla ya Misa ya jioni. Nenda, kijana. Niombee na mimi.

Ndugu yenu katika Kristo,
Frateri